Nakala ya Kwanza Hulala Kwao

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, na nyingi zimekwisha kunitoka. Nimechoka siku hizi. Hata kuja hapa Kisumu Ndogo kuiona hiyo mashine yako ya kuchapia nimekuja kwa kujikokota, nikapumzika kwa muuza maji, nikapumzika tena kwa fundi viatu. Lakini umeniita bibi yako nikuombee dua dukani, na dua siiombi bila ya neno. Basi keti. Izime kwanza hiyo mashine, yanivurugia maneno.

Miaka ile ya themanini, watalii wakimiminika Malindi, mimi nilikuwa msichana wa kuchora. Nilichora kwa makaa ukutani, nikachora kwenye mifuko mitupu ya saruji, na watu wakasema Dama ana wazimu mdogo. Aliyenipokea bila kucheka ni Mzee Swaleh, mchapaji wa mji wa kale, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Kompyuta hatukuijua. Tulikuwa na fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba. Unakata umbo kwenye karatasi kwa wembe, unaibandika chini ya fremu, unamimina wino na kuusukuma kwa ubao wenye mpira. Kila rangi na fremu yake. Ukikosea unaanza upya, na mikono inanuka mafuta ya taa wiki nzima.

Mzee Swaleh alikula kwa kadi za harusi na fulana za timu za mpira. Wino uliobaki na vipande vya karatasi alituachia sisi wachoraji, na Jumamosi meza ilikuwa yetu. Hakutuambia tuchore nini. Jina la mchoraji lilichapwa chini ya picha, na nakala mlizokubaliana zikitimia, fremu unaiosha mwenyewe kwa mkono wako, asije mtu akachapa nyingine kwa siri. Tena alikuwa na desturi moja iliyotuudhi sana. Nakala ya kwanza ya picha yoyote haikubaki karakanani. Ilikwenda na mchoraji, ikalala kwao, na mpaka irudi na neno la watu wa kwao, ya pili haichapwi.

"Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake," alikuwa akisema. "Nakuchapia mambo ya kwenu, na mimi kwenu sijalala."

Tulimcheka pembeni. Tulimwona mzee wa vikwazo, anayetupotezea siku. Ujana nao una uziwi wake.

Sasa mamangu, yaani bibi wa mamako, alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi Gongoni. Tangu asubuhi ni jua na maji makali na karai kichwani. Alifunga miguu kwa vipande vya mpira wa gurudumu, na bado chumvi ilimkata. Akirudi hakuwa na neno. Alikaa kizingitini, miguu kaitia kwenye beseni, anatazama mbele tu. Basi nikamchora vile vile, na karai lake, mdomo kaufumba, macho ya mtu aliyechoka na asiye na wa kumwambia. Nilipoimaliza niliogopa kuitazama, maana ilikuwa yeye.

Picha ikatundikwa karakanani. Akaja bwana mmoja mwenye duka la vinyago katika hoteli ya ufuoni, mtu aliyekuwa akimpa Mzee Swaleh kazi nyingi. Akasimama mbele yake, akaipenda.

"Hii naichukua," akasema. "Nataka kadi, nataka fulana, nataka vitambaa vya meza. Ila huyu mama mbona kanuna? Mtalii kaja kupumzika. Mchekesheni kidogo, na nyuma mtie mnazi."

Mzee Swaleh alikuwa akifuta wembe. Alininyooshea kidole mimi. "Mwenye picha ni huyu. Muulize yeye."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuulizwa jambo na mtu mzima mwenye saa mkononi. Na sitakuficha, nilichokiona siku ile ni mamangu akitoka chumvini. Kama picha itauzwa hoteli nzima, basi lile karai atalitua. Nilimpenda mamangu, na kwa kumpenda nikasema, "Haya, nitamchekesha."

"Taib," akasema Mzee Swaleh, akanipa wembe.

Mdomo wa mtu kwenye karatasi ni kitu kidogo. Unaukata pembe hii ukaupandisha, unaukata na ile, kwisha. Tukachapa nakala moja na mnazi wake, ikapendeza. Yule bwana akataka tuendelee papo hapo, kwani msimu wa wageni ulikuwa mlangoni.

"Nakala ya kwanza hulala kwao," akasema Mzee Swaleh.

"Hata leo, mzee? Wageni wako njiani."

"Hata leo."

Nilinuna njia nzima. Nilipanda lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu Gongoni, picha nimeikunja kwenye gazeti, moyoni namtukana mzee wa watu.

Mamangu alirudi kazini alasiri. Nilipomwambia nimemletea picha yake, alinawa kwanza mikono, akaikausha kwa leso, akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akalitambua karai. Akaitambua leso yake, na ile mipira ya miguuni. Kisha akaweka kidole penye mdomo.

"Dama, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Anacheka nini?"

Nikamweleza habari za hoteli na duka, nikamweleza kwamba huenda akapumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ni mwanamke mzuri," akasema. "Lakini miguu ni yangu na mdomo si wangu. Hiyo chumvi nimeibeba nikakulea. Usinibebeshe na kicheko."

Akanirudishia picha, akaitia miguu yake kwenye beseni. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Niliporudi Malindi, Mzee Swaleh aliniuliza tu, "Imelalaje?"

"Haikulala, mzee."

Akaweka chini kopo la wino. "Ningeweza kukukataza juzi," akasema. "Ungenitii mimi, na kesho angekuja mwingine ungemtii yeye. Wewe ni mtoto wa kutii, Dama, na hiyo ni sifa nyumbani, lakini kwenye meza hii ni ugonjwa. Kizuri chajiuza. Ukiona mtu akwambia kikate kwanza ndipo kiuzike, jua anachonunua ni kile alichokata."

Maneno yale yaliniuma, kwani yalikuwa kweli. Yule bwana alipokuja nikamwambia mwenyewe kwamba mdomo haubadilishwi. Akamgeukia Mzee Swaleh, akasema basi chapa ile ya kicheko bila jina la huyu binti, mimi jina silihitaji. Mzee Swaleh akamwambia picha ina mwenyewe, na mwenyewe kashasema. Bwana akaondoka na kazi zake zote, hata zile za menyu za hoteli tulizozizoea kila mwezi. Msimu ule tulikula kwa fulana za mpira, tena kwa shida, na mzee hakunikumbusha hata siku moja kwamba ni kwa ajili yangu.

Picha ya kweli tulichapa nakala chache, kwenye karatasi nene iliyobakia ya kadi za harusi. Nilizipeleka Gongoni. Wanawake wa chumvi walizigombania, kila mmoja akisema huyu ni mimi, wakazibandika kwenye kuta za udongo.

Sitakudanganya, mwanangu. Mamangu hakutoka chumvini kwa picha ile. Alitoka kifua kilipomshinda, na hakukaa sana. Mpaka leo nikiwaza lile karai huchoka kana kwamba nalibeba mimi. Hakuacha picha nyingine. Ile ya kipande chake, yaani kitambulisho, ilipotea na kipande chenyewe. Uso wake ulio duniani ni ule ulio ukutani kwangu, na wewe hukumkuta. Kila mgeni akiingia nyumbani, akiitazama picha kisha akakutazama wewe, husema kijana huyu karithi mdomo wa bibi yule. Nami humkumbuka Mzee Swaleh.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nguvu ya kuirudia. Mashine yako yaweza kumchekesha mtu kwa kidole, na ikatoa nakala hata usiku kucha. Usiifuate kila inapoweza. Mabango ya maduka na kadi za harusi zikulishe, usizionee haya. Wachoraji wa hapa wape meza siku moja, wape wino unaobaki, jina lao liandike chini, na picha zikitimia faili lao wakabidhi, wewe usibaki nalo. Akija mwenye fedha akataka mdomo ugeuzwe, usimjibu wewe. Mwambie amuulize mwenye picha. Na mwenye picha akikubali upesi, mpe nakala ya kwanza aende nayo kwao. Mkataa kwao mtumwa, lakini wengi hawakukataa, walikosa tu mtu wa kuwaambia warudi wakaulize.

Haya, nifungulie hiyo leso. Nimekuja naye, mamangu, kwenye picha yake. Karatasi imeanza kuliwa na mchwa pembeni, nami sina siku nyingi za kuilinda. Nitolee nakala moja. Mdomo usiuguse. Ikitoka naondoka nayo, ilale kwangu kwanza, nikuletee neno kesho miguu ikinikubalia.

Mungu akupe wino usiokauka na subira ya mzee wangu yule. Akufungulie riziki isiyokudai uso wa mtu. Na kila atakayepita kwenye mashine hii, atoke na mdomo wake. Amina.