Milingoti Niliyopanda Kwenye Chemchemi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, nilivyojibanza nyuma ya jiko nikimchungulia mgeni bondeni kwetu, hapa Kifanya. Alikuwa bwana mazingira kutoka wilayani. Anahesabu hatua kutoka kwenye chemchemi, anachomeka vijiti. Nikajisemea, haya, tumekwisha! Huyu anapima atunyang'anye. Tangu lini mtu wa viatu safi akalionea huruma tope la watu?

Alinieleza tusilime wala kupanda miti pale, maji yaachiwe nafasi yake. Nikaitikia "ndiyo bwana" kwa adabu zote. Alipoondoka tu, niling'oa vijiti vyake nikapanda milingoti bonde zima. Si unajua kwetu, shamba likishakuwa na miti yako hakuna wa kuligusa.

Mama mkwe akanikuta na jembe. Kinyungu chake, ile bustani ya bondeni iliyotulisha mahindi mabichi kiangazi chote, kilikuwa hapo hapo.

"Mgeni umemwogopa," akasema, "na mti unaokunywa maji namna hii hukuuogopa?"

Nikanuna. Nikadhani ana lake jambo, labda bonde anamtakia wifi yangu. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, namshuku kila mtu isipokuwa mimi.

Milingoti ikakua, jamani, ikakua! Matete yakakauka, kinyungu kikapasuka, chemchemi ikabaki unyevu tu. Yule mama, na magoti yake mabovu, akawa anapanda kilima na ndoo kufuata maji kijiji cha pili. Hakunisema tena. Alikufa bonde likiwa kavu, na hilo linaniuma mpaka leo. Bwana wa vijiti hakuchukua hata shubiri moja.

Miti niliikata, nikahangaika na visiki miaka, maji yakaanza kurudi. Sasa nasikia kuna mfanyabiashara wa Makambako anakugawia miche ya milingoti bure, eti uipande bondeni. Bure? Simwamini hata kidogo. Na jana nimekuona huko na jembe.

Mama mkwe aliamua kuninyamazia, mimi sikunyamazii. Kila anayekuja, awe wa serikali au wa biashara, muulize maji yatabaki wapi. Ukimaliza, jiulize na wewe. Miche panda juu kilimani, matete yaache. Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na wanao wanywe maji ya hapa hapa nyumbani.