Alichokitaka Asih

Bu Winarsih, yaani Mama Winarsih, wa mji wa Salatiga kule Java, alikuwa mwoga, tusimtafutie neno zuri zaidi. Aliogopa kengele, aliogopa Jumatatu, na watoto wa shule wa sare nyekundu na nyeupe wakipita barabarani, yeye aliingia ndani. Lakini woga wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa jikoni kwake ikikuna nazi: Galih, mwanawe wa kwanza.

Galih alikuwa na kigugumizi. Akiwa darasa la tatu, mwalimu alimsimamisha mbele ya shule nzima wakati wa kupandisha bendera, asome kwa sauti. Neno la kwanza likamkwama. Watoto wakacheka, na mwalimu naye, mtu mzima na akili zake, akacheka. Toka hapo mtoto akawa anatapika kila Jumatatu asubuhi, kisha akanyamaza kabisa. Ilipita miezi nyumba haijasikia sauti yake. Bu Win akamwachisha shule, akaapa kwamba hata mdogo wake, Asih, hatakanyaga huko.

Majirani hawakumwacha. "Bu Win, unalea watoto au unafuga kuku?" Akaziba masikio, akatafuta wazazi wengine wenye msimamo kama wake. Pak Mursid, bwana mmoja fundi redio, akatoa meza yake na vifaa vyake. Bu Yohana akatoa cherehani na kabati zima la vitabu. Mwenye mizinga ya nyuki akawafungulia watoto wa wenzake. Kila msimu mpya walikutana barazani kwa Bu Win, sinia la tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, katikati, na kila mtoto akasema anachotaka kujifunza. Sheria ilikuwa moja, na Bu Win mwenyewe ndiye aliyeitunga: mtu mzima hasemi hapana. Anauliza tu, "Nani ana cha kumsaidia?"

Na mambo yakaenda. Galih akaanza kusema tena, kwanza na nyuki, halafu na watu. Ungedhani mama mtu angepumua. Wapi! Sasa alikuwa akimvizia Asih, mtoto wa miaka tisa, ambaye siku hizi alisimama uani kila asubuhi akiwatazama wenzake wa sare mpaka wapotee kwenye kona. Bu Win alimwona, wala hakumuuliza kitu. Aliogopa kujibiwa.

Siku ya kikao ikafika. Mtoto wa Pak Mursid akataka kutengeneza tiara inayopiga mluzi, watu wakacheka, msaada ukapatikana. Zamu ikawa ya Asih.

"Mimi nataka kwenda shule."

"Shule ya nini, mwanangu?" akauliza Pak Mursid. "Ya ushonaji?"

"Shule shule, Pak. Ile ya pale chini."

Bu Win akadakia: "Nani kakutuma? Majirani, eti?"

"Sijatumwa. Nataka kujua kukoje."

"Hujui walivyomfanya kaka yako?"

"Najua. Lakini yule ni Mas Galih. Mimi ni mimi."

Bu Yohana akakohoa kidogo. "Haya jamani. Nani ana cha kum..."

"Hapana!" Bu Win alipiga kelele mpaka sinia likatikisika. "Haendi! Nimesema haendi, na atakayemsaidia asikanyage tena kwangu!"

Hakuna mtoto aliyewahi kusikia neno hilo "hapana" pale barazani. Wote wakamwangalia Asih. Msichana akataka kusema, akashindwa, akakaa chini ameinamisha uso mbele ya watu wote.

"Mama," Galih akasema taratibu. "U-u-umemnyamazisha."

Bu Win alijiona pale pale amekuwa yule mwalimu wa bendera, na alichokiona kilimtia hofu kuliko shule zote za Java. Akajaribu kuuliza lile swali la sheria yake mwenyewe, sauti ikatoka vipande vipande. Hakuna aliyenyanyua mkono; walishamwogopa. Ikabidi aunyanyue wake.

Akamwandikisha. Jumatatu akamshika mkono hadi getini, kiganja chake kimelowa jasho, cha mtoto kikavu.

"Mama, nikisema sitaki tena, utaniamini?"

"Nitakuamini. Siku hiyo hiyo tunarudi nyumbani."

"Na nikisema nimepapenda?"

Usiku kucha Bu Win alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matapishi, kwa mtoto kurudishwa hasemi. Kwa hili, mtoto kupata shuleni furaha ambayo mamaye alimnyima, hakujiandaa, na ndilo lililomkata maini. Asih alisubiri kidogo, akamwachia mkono, akaingia. Mlinzi akafunga geti, na mama mtu akakaa pale nje kungoja kengele ya kutoka.