Aliyetia Maua Katika Bia ya Mke Wangu

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Baraka, mji wetu wa ziwani, kwa mama mmoja muuza ndagala aliyefika na mtumbwi wa kutoka Kazimia. Aliitaja huku akiendelea kupanga samaki wake: "Yule mutu wa bia, mwenye alikuwa huku wakati wa vita, alikufa. Ni kifua tu." Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliuweka ungo chini, akakaa palepale kwenye udongo, akalia kilio kirefu cha kutoka tumboni, kilio ambacho sikumsikia akikilia hata kwa baadhi ya ndugu zake. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na wasomaji wangu mnisamehe, kilichonipanda kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Mimi, mzee mwenye wajukuu, nilimwonea wivu maiti.

Wengi wenu mnanijua kwa kalamu hii. Miaka ile ya vita cherehani ndiyo iliyonilisha, na cherehani yenyewe ilipokosa nguo za kushona, tulilishwa na bia ya mke wangu. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, bia ya chupa haikuonekana tena, na watu waliochoka kukimbia na kurudi walitaka kunywa kitu wakae kimya kidogo. Mke wangu alipika bia ya mahindi na mtama, nzito, ya kawaida, kama aliyoipika mama yake. Ndipo akatokea mtu huyu. Alikuwa mzaliwa wa Swima, lakini ujana wake wote aliufanyia kazi mjini, katika kiwanda cha bia. Kiwanda kilipofunga lango alirudi kwa miguu, na katika mfuko wake wa nguo mlikuwa na paketi za rangi ya fedha alizopewa na msimamizi wake. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alivaa kofia ya kiwandani hata kanisani, na hakuna aliyekunywa naye bila kuambiwa kwamba yeye aliijua bia kuliko bia inavyojijua.

Ndani ya paketi zile mlikuwa na tembe za kijani, ngumu, mfano wa chakula cha sungura. Yeye aliziita hubloni, kwa Kifaransa cha kiwandani. Kiswahili cha vitabuni ni hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, yaliyokaushwa, yakasagwa na kushindiliwa. Mke wangu alitaka kuzichemsha pamoja na mtama. Yule bwana alimkataza. "Hapana, mama. Ukichemusha utapata uchungu, harufu itaenda na moshi. Acha bia ichache mupaka itulie. Ikisha kutulia, ikiwa baridi, ndiyo unatia maua." Akaniomba nishone vifuko vya kitambaa chepesi ili unga wa kijani usizagae katika bido, dumu la kuchachushia bia. Nilivishona. Huo ndio mchango wangu wote katika bia iliyovuma eneo letu zima la Fizi: vifuko.

Siku moja nilirudi kutoka Lubondja, nilikokwenda kutafuta mahindi, magunia mgongoni, jasho mpaka kwenye viatu. Niliwakuta jikoni wameinamia bido moja, vichwa vyao vimekaribiana, wote wawili wamefumba macho. Wala hawakunisikia. "Unasikia nini?" yule bwana alimwuliza. Mke wangu akavuta pumzi tena. "Ndimu," akasema. "Na majani, kisha mvua." Yule bwana akacheka kwa furaha kama aliyeletewa mtoto wake wa kwanza. "Mvua! Mama, kiwandani hakuna mutu alisema mvua." Waliponiona walinipa kikombe. Nilinusa. Nilinusa tena kwa nguvu zote. Nilisikia majani tu. Nilisema ni nzuri, nikaenda kupakua mahindi, na moyo ulikuwa unaniuma kama nimemeza mwiba wa samaki. Hawakuwa na siri, mlango ulikuwa wazi na majirani wanapita. Lakini kulikuwa na jambo wanalolisikia wao ambalo mimi siwezi kulisikia, na lilikuwa nyumbani kwangu.

Kisha walikuja watu wenye bunduki. Sitasema wa upande gani. Siku zile pande zilibadilika kama mashati. Waliagiza bia, na mmoja wao alipofunua bido akakiona kifuko changu kinaelea, maji ya kijani yakichuruzika. Akamwita komanda wake, kisha akamgeukia mke wangu. "We mama, hii ni kitu gani? Unatutilia sumu?" Mke wangu alianza kueleza. Yule kijana aliyefunua bido akamshika mkono. Mimi nilikuwa hatua chache tu, futi yangu ya ushonaji shingoni, na sikusogea. Yule wa bia akaja kutoka uani na kofia yake. "Mukubwa, ni maua," akasema. Akachukua paketi, akamimina tembe kiganjani, akazitia kinywani na kuzitafuna mbele yao. Mimi nilikuwa nimewahi kuonja moja: ni chungu kuliko kwinini, hukaza koo mpaka machozi yatoke. Yeye alitafuna akitabasamu, akameza, akachota bia akanywa kikombe kizima. "Sasa tungoje nikufe," akasema. Komanda akacheka. Wakaketi, wakanywa, wakaondoka. Alipokuwa na hakika wamefika mbali, alikwenda nyuma ya choo akatapika. Mke wangu alimpelekea maji, akamshika bega. Mimi nilishukuru kwa kinywa changu, na ninamshukuru mpaka leo. Lakini kila nikikumbuka, nasikia sauti ile ile: kinywa kilichotafuna kilipaswa kuwa changu.

Vita vilitufundisha kuridhika na chochote. Chakula kiwe cha kushibisha tu, nguo iwe ya kusitiri tu, na mtu akiuliza kama kitu ni kizuri tulimwona hana akili. Nami nilishona hivyo, mradi uzi ushike. Yeye alikataa. Milio ya risasi ikisikika milimani, alikuwa akibishana na mke wangu kama maua yakae bidoni siku moja zaidi au yatolewe kabla bia haijaanza kunuka nyasi. Nilimwita mwendawazimu. Paketi zilipokwisha alihamia Kazimia, akitumaini kwamba mitumbwi ya ng'ambo ingemletea nyingine. Alioa huko, akazeeka huko.

Tulikwenda kilioni pamoja. Walikuwako bamama wapika bia kutoka vijiji vya ziwani, na mmoja wao, mnene mwenye sauti kubwa, alisimama akasema, "Aliniambia mie, hakuna mutu anapika bia kama mie ku ziwa lote." Mwingine akaruka: "Wewe? Ni mie aliniambia hivyo!" Watu wakacheka katikati ya machozi. Nilimtazama mke wangu. Hakucheka. Uso wake ulikuwa umekaza, na mimi ninaujua uso ule, kwa sababu ndio niliouvaa miaka yote. Mtumbwini, wakati wa kurudi, nilimwuliza polepole, "Nawe alikuambia?" Akageukia maji. "Aliniambia," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Baba, we unafikiri nilimupenda. Sikumupenda ile namna. Aliniuliza tu. Kila siku aliniuliza mie nasikia nini, na akangoja nijibu."

Nimeandika safu hii nikiwa bado na wivu. Sitawadanganya kwamba umekwisha. Ila nimejua ulikotoka. Sisi wenye wivu hukesha tukilinda mlango, tukimchungulia anayeingia na anayetoka, na huku ndani kuna mtu anayefanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kuulizwa kazi yake ina ladha gani. Marehemu hakuiba kitu nyumbani kwangu. Alikuta kiti kitupu, akakaa. Mwenye wivu mwenzangu, kabla hujamchukia mtu wa namna hiyo, rudi nyumbani ukaulize, kisha unyamaze usubiri jibu.