Jiwe Lililoonekana Tumboni mwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa mchimba almasi Maganzo, na tumbo lilimshika akiwa shimoni. Maumivu yalipenya mpaka mgongoni, anatapika mpaka hana cha kutapika. Siku kadhaa akawa anameza dawa za vidonda vya tumbo. Vidonda, wapi! Alipoanguka, wenzake wa duara, lile shimo wanalochimba kwa ubia, wakampakia kwenye gari lao, wakanipitia mimi dada yake, tukakimbilia hospitali.

Daktari wa ultrasaundi alimpaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kifaa taratibu. Kisha akasimama mlangoni akatuambia sote: "Jiwe limeonekana. Limetoka kwenye mfuko wa nyongo likaziba njia, ndiyo maana kongosho limevimba. Apelekwe rufaa sasa hivi, akapigwe siti-skani, tujue kongosho limeharibika kiasi gani."

Jamani, si angetafuta neno lingine! Maganzo jiwe ni almasi, basi. Wale wanaume wakatazamana. Duara lao lilikuwa halijatoa kitu muda mrefu, na sasa wakaona wameshajua sababu.

"Kumbe kalimeza," mkubwa wao akasema. "Haendi popote mpaka alitoe."

Gari lilikuwa lao, na la wagonjwa lilikuwa safarini. Nikawaka. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Daktari, masikini, akadhani picha itamwelimisha yule bwana, akamwita aitazame. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kidogo cheupe, nyuma yake kivuli cheusi.

"Si hilo hapo linang'aa?" akasema. Nikajua tumekwisha.

Mdogo wangu alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtiririka, analia "Mayu wane, mayu wane," anamwita mama yetu, na mama tulishamzika. Nilipiga magoti mbele ya wale watu, mimi na kiburi changu chote. Hawakunitazama hata kidogo. Ndipo yeye mwenyewe akafumbua macho, akasema kwa shida, "Nimelimeza. Nipelekeni wanipasue, litakuwa lenu."

Alidanganya. Nimemlea mwenyewe, namjua akidanganya. Lakini walimbeba mbiombio, wakaendesha lile gari kama wendawazimu, huku wakimfuta jasho na kumwambia ajikaze.

Rufaa wakampiga siti-skani. Daktari wa huko hakunizungusha. Akanionyesha kongosho kwenye picha: penye uhai pameng'aa, na sehemu kubwa ya lake ilikuwa giza tupu. Alisema angefika mapema kidogo wangekuwa na la kufanya. Mapema kidogo! Nilitamani kupasua ile kompyuta.

Alikata roho nimemshika mkono.

Mkubwa wao alinifuata nje, kofia mkononi, machozi ya kweli machoni. "Pole sana, dada yangu," akasema. Akakohoa. "Sasa lile jiwe, watatukabidhi sisi au ninyi ndugu?"

Nilimzaba kibao cha nguvu zangu zote. Akakipokea, akabaki amesimama palepale, anasubiri jibu.