Siku Niliyojifungua Mbele ya Wakwe

Nawaambia ninyi tu, na mkicheka chekeni polepole, maana hapa Keza mpaka leo kuna watoto wakiniona napita na baiskeli wananiita Mama Deo, na mimi ni mwanaume mzima, nesi wa zahanati, nina ndevu.

Ilikuwa Jumamosi ya mafunzo. Tulikuwa tunafundishwa jinsi ya kumwokoa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na kwa kuwa ile midoli ya kisasa ya kufundishia tunaiona kwenye picha tu, tulishona ya kwetu: mtoto wa soksi iliyojazwa matambara, kondo la nyuma la sponji, na damu ya juisi nyekundu ya rozela iliyochemshwa ikatiwa kwenye mfuko wa dripu. Kilichobaki ni mtu wa kufungwa hayo yote tumboni awe mzazi. Akina dada wanafunzi waliotoka Kaniha wakatazamana, hakuna aliyetaka, mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono (hakuna aliyenituma, nakiri).

Sasa, siku hiyohiyo wazazi wa Editha, mchumba wangu, walikuwa wanakuja kutoka Kanazi kuona kijana aliyeleta posa anaishi vipi, kabla hawajatoa jibu. Walisema watafika saa tisa. Nikaona saa tisa nitakuwa nimeshajifungua, nimeoga, nimevaa shati jeupe.

Basi nikafungwa tumbo, nikavishwa kitenge cha Sista Veneranda, nesi mwenzangu, nikapanda kitandani nikaanza kulia. Nami nikilia nalia kweli! Nilimwita mama yangu, nikamlaani mume wangu asiyekuwepo, mkufunzi akasema, "Vizuri sana, ongeza kidogo," nikaongeza, mpaka akina mama waliokuja kliniki wakajazana dirishani. Mtoto akatoka salama. Nikafungua dripu ili damu ianze kutiririka, ndipo mlango ukafunguka, akaingia Mzee Filimoni, baba yake Editha, na fimbo yake, mkewe nyuma. Walikuwa wamefika kwangu saa sita, wakaelekezwa zahanati.

"Tumesikia mtu anakufa," mzee akasema, "halafu tukaambiwa ni Deo."

Jamani, mkwe hasalimiwi ukiwa umelala. Hilo nimelelewa nalo, miguu yangu inalijua kuliko kichwa. Nikaruka kitandani nimwamkie, dripu ikachomoka, rozela yote ikamwagika sakafuni na juu ya viatu vya mzee, na kondo la nyuma likadondoka katikati yetu, pwa!

"Shikamoo baba."

Akainua mguu mmoja, rozela ikadondoka. Na wale wanafunzi, walivyoambiwa wasiache kazi hata iweje, wakanirukia wanne. "Mama anapoteza damu! Mlazeni!" Sista Veneranda ananisugua tumbo, mwingine ananipima mapigo ya moyo, na mimi huku nanyoosha shingo, "Shikamoo mama! Karibuni sana! Karibuni nyumbani!"

Mzee akageuka. "Twende," akamwambia mkewe. "Binti yangu siwezi kumpa mtu wa namna hii."

Hapo kicheko kiliniisha. Nilimpenda Editha, nampenda, na nikaona nimempoteza kwa ajili ya soksi. Nikataka kulia, safari hii bila kuigiza.

Lakini Mama Editha hakutoka. Aliokota lile kondo, akaligeuzageuza, akauliza tunafanya nini, Sista akamweleza. Akaliweka kitandani.

"Mimi nilipomzaa Editha nilitoka damu hivihivi mpaka nikazimia," akasema. "Wewe mzee ulikuwa wapi?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mnadani."

"Basi kaa hapo uangalie."

Akakaa kwenye benchi, kofia mapajani, nami ikabidi nijifungue tena tangu mwanzo, mbele ya baba mkwe, kwa sauti ya chini, kwa adabu. Wiki iliyofuata jibu likaja, nimepewa mke. Nashukuru sana, ila nimeapa, mafunzo yajayo mzazi atafutwe mwingine. Na siku Editha atakapojifungua nitakuwepo palepale kando ya kitanda, nimesimama, nimevaa suruali.