Nobert wa Kamba na Mfuko wa Anastasie

Ukifika Kisinga ukamwulizia Nobert, utaulizwa Nobert yupi. Sema Nobert wa Kamba, na hata mtoto mdogo atakuonyesha njia. Tangu ujana wake mzee huyu alisokota kamba za mkonge za kufungia mbuzi na ng'ombe. Mkonge aliupanda mwenyewe kando ya shamba. Majani aliyaparua kwa panga butu mpaka zikabaki nyuzi nyeupe, akazianika, kisha akazisokotea pajani. Paja lake la kulia halikuwa na unywele hata mmoja, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia nyumba ya bati. Alipenda kusimulia habari za fahali mmoja wa Karusandara aliyevuta mpaka akang'oa kigingi na kukimbia nacho, lakini kamba ya Nobert haikukatika.

Kisha zikaja kamba za nailoni. Zilikuwa za rangi rangi, hazikuoza kwa mvua, na kila duka lilikuwa nazo. Nobert hakuacha kazi. Kila Ijumaa alipanda boda boda kwenda soko la Bwera, mpakani, na mizingo ya kamba begani, na jioni akarudi na karibu yote. Mkewe, Yudesi, hakumlaumu. Alizitumia tu zile zilizorudi kuanikia nguo, hata ua wao ukawa na kamba saba za kuanikia, ilhali nguo zao hazikujaza mbili.

Sokoni Nobert alikaa jirani na Anastasie, mama wa Butembo aliyevuka mpaka zamani kidogo na kubaki upande huu na Kiswahili chake cha kwao, akiuza samaki wa chumvi. Ijumaa moja mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Mteja wa Anastasie, mama mmoja aitwaye Kulusum, alikuwa amenunua samaki wengi kwa ajili ya karamu, nao wakatiwa kwenye kavera, ile mifuko myeusi ya plastiki iliyojaa kila mahali. Hakufika hatua kumi. Mfuko ulipasuka chini, samaki wakamwagika matopeni, na mmoja akaelea mferejini kana kwamba amekumbuka nyumbani. Kulusum akadai wengine. Anastasie akasema yeye anauza samaki, si mifuko. Wakabishana mpaka wakachoka, na mwishowe Anastasie akawaosha wale wa matopeni akaongeza watatu juu.

Kulusum alipoondoka, Anastasie akamgeukia jirani yake, akazitazama zile kamba.

"Papa Nobert," akasema, "kamba yako inashinda ng'ombe nguvu. Samaki njo itaishinda? Unitengenezee sac ya kamba, mufuko ya kubebea samaki."

"Mimi nafunga mbuzi, Mama Anastasie. Vikapu ni kazi ya wanawake."

"Basi ukuwe mwanamuke siku moja tu. Hakuna mutu atakuona."

Wauzaji wa karibu walicheka sana. Nobert naye alicheka kidogo kwa adabu, akakunja kamba zake akaondoka mapema. Lakini njia nzima, nyuma ya boda boda, vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinapima kitu hewani.

Wiki hiyo alijificha nyuma ya banda la mbuzi. Alichukua kamba nyembamba, akaifunga mafundo kama wavu, akaibana, akaitia mishikio miwili minene. Siku ya tatu Yudesi alimfuata huko kumwita chakula. Akakiokota kile kitu, akakigeuza, akauliza kwa upole ni mbuzi gani anayeuma watu mpaka avishwe kifunga mdomo. Nobert alipomwambia ni mfuko, mama huyo alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Nobert alikula haraka, akarudi nyuma ya banda.

Hata hivyo Ijumaa aliupeleka. Anastasie aliupokea kwa furaha akampa Kulusum abebee samaki. Ijumaa iliyofuata Kulusum alirudi, akakunja mkono wa gauni, akaonyesha mikwaruzo kutoka kiwiko hadi kiganja. Mfuko haukupasuka, alikiri, lakini kuubeba ni kama kumbeba paka aliyekasirika. Safari hii Nobert hakucheka. Ijumaa mbili mfululizo hakwenda Bwera. Alisema goti linamsumbua.

Yudesi alimjua mume wake, na alijua kuwa goti halikuwa na tatizo. Jioni ya Ijumaa ya pili alikuja na mzigo wa maganda makavu ya mgomba, akaketi karibu naye kwenye mkeka. Mama yake mzazi alikuwa akiyachana maganda hayo nyuzi nyuzi na kusuka vifuko vya mbegu za maharage, naye Yudesi alikuwa ameshika kazi hiyo utotoni, kisha akaiacha kwa sababu hakuna aliyemwuliza tena. Akayalowesha maganda maji kidogo, akachana, akaanza kusuka ukili mwembamba, laini, unaong'aa kama ngozi.

"Kamba yako inajua kuvuta," akamwambia. "Haijui kugusa. Mkono wa mtu si shingo ya mbuzi."

Nobert akauchukua ule ukili. Akauvuta kwa nguvu, nao ukakatika.

"Na wako haujui kubeba," akajibu.

Hapo ndipo walipoelewana. Mwili wa mfuko ungekuwa wa mgomba, kazi ya Yudesi. Kitako na uti wa mishikio vingekuwa vya mkonge, kazi ya Nobert, na mishikio ingevalishwa mgomba ili isichune mtu. Waligombana siku mbili nzima juu ya fundo la kuunganisha pembe. Kila mmoja alifumua fundo la mwenzake alipokwenda shambani. Mwishowe walitumia mafundo yote mawili, moja juu ya jingine, na mfuko ukawa imara kuliko walivyotarajia.

Nobert alipoupeleka Bwera, Anastasie hakuamini maneno. Alijaza mfuko ule samaki mpaka mdomoni, akautundika kwenye boriti ya kibanda chake asubuhi, akaendelea na biashara. Kila aliyepita aliuliza habari za mfuko. Saa kumi alasiri bado ulikuwa unaning'inia. Akaushusha, akaumwagia ndoo ya maji, akaubeba na kuzunguka nao soko zima mkono ukiwa wazi, bila kitambaa. Alirudi akamwonyesha Nobert kiganja chake. Hakikuwa na alama.

"Papa Nobert," akasema, "sasa weye iko fundi."

Miongoni mwa waliotazama walikuwepo akina mama watatu kutoka Kyarumba, walioshuka na maharage. Mmoja wao, Musoki, aliuliza kama mfuko huo unaweza kutiwa mkanda wa kupita kwenye paji la uso, maana njia zao ni za mwinuko na mikono inahitajika kushikia majani. Nobert alipima paji la Musoki pale pale kwa kipande cha kamba, kwa uangalifu kama fundi wa kofia.

Leo, ukipita kwao, utawakuta wawili hao wamekaa ubavu kwa ubavu, jambo ambalo majirani wanasema hawakuliona miaka thelathini. Yudesi amegundua kuwa maganda ya mgomba yakilazwa kwenye tope jeusi la bondeni hutoka meusi kama makaa, naye anasuka mistari na pembe tatu. Wateja wanapofika hushika kwanza mifuko yenye mistari yake. Mwanzoni Nobert aliumia. Alikuwa akiwageuzia mfuko juu chini ili waone kitako, nao walikitazama kwa heshima, kisha wakaurudia upande wa mistari.

Siku moja Yudesi aliishiwa nyuzi katikati ya mfuko wa Musoki. Nobert alisimama bila kuombwa, akachukua panga, akashuka migombani. Alirudi na maganda begani, akayaweka miguuni pa mkewe, akaketi kuyachana. Yudesi akayakagua moja baada ya jingine, akamrudishia mawili.

"Haya ni mapana," akasema.

Nobert akayachana upya.