Mikro Niliyonyang'anywa Salamabila

Siku ya kwanza ya kazi, Patro, mwenye nyumba ya video ya Kasongo, alinipa mikro, kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Wewe ulimaliza sekondari, unasikia Kifaransa. Sema vile wanasema. Lakini watu wasilale."

Ninyi mnaotazama filamu kwa telefone hamjui kazi ya mfasiri. Sauti inashushwa, unakaa kando ya televizyo, unamsemea kila mtu, hata mashine. Ili watu wafuate, tuliwapa wote majina ya ukoo. Kapiteni wa chombo cha angani alikuwa Baba Mkubwa. Roboti alikuwa Shemeji, sababu hakosi jibu.

Nilipenda filamu za anga kuliko zote. Nilisoma kemia bila kushika hata chupa moja ya maabara; filamu hizo ndizo zilikuwa maabara yangu. Nikieleza kwa nini mtu anaelea kule juu, wanapiga kelele: "Prof, acha masomo, lete vita!" Kesho yake sokoni wananiuliza kama ugali nao unaelea.

Kisha Patro akanipeleka kwa video yake ya pili, Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu. Huko nikaolewa, nikamzaa Rehema. Huko nikaona kazi yao: dhahabu ya mchangani wanaishikisha na zebaki, wao wanasema merkiri, halafu donge linawekwa juu ya makaa. Merkiri inageuka hewa, dhahabu inabaki. Wengi wanachomea jikoni, kwa kuogopa wezi. Makaa hayo hayo yanapika uji wa watoto.

Jumapili moja mchana, ndani ya filamu, wasafiri wa angani walikuwa wanakufa kwa hewa isiyo na harufu. Nikasimamisha filamu.

"Hewa kama hii iko kwenu. Ya merkiri. Hauioni, inaingia mu bongo ya mutoto. Muchomee inje, mbali na watoto."

Jirani yangu Mama Salima akasimama, mtoto mgongoni. "Prof, hata ile ya mu jiko yangu?"

"Ile ile."

"Basi bwana yangu ataichomea inje, ao atalala inje nayo!"

Watu wakacheka. Muuza merkiri hakucheka; alitoka. Patro akanifuata mbio.

"Mama Rehema, filamu iko filamu! Yule ndiye ananipa mazuti ya jenereta. Unamufungia kazi?"

"Patro, watoto wanapumua ile kitu."

"Enda unyonyeshe wa kwako. Leta mikro."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, ziwa likivuja kwenye blauzi. Mikro ikapewa mcheshi mmoja wa Lusangi. Aliirudia filamu ile ile, na hewa mbaya ilipofika akasema: "Hii inaua watu wa angani tu, sisi tumeizoea!" Nilikuwa barabarani. Kicheko cha Mama Salima nilikitambua.

Leo nalima mihogo Kasongo, na hasira haijaisha. Ninajuta, si kwa kusema. Ninajuta kwamba palikuwa na mikro moja tu.

Siku ya kuondoka Salamabila nilipita kwa Mama Salima kuaga. Mvua ilinyesha, mlango umefungwa, donge liko juu ya makaa, Salima amelala kando. Nikambeba, nikamtoa nje.

Mama yake akanikimbilia. "Prof, atashikwa na baridi!"

Akamchukua mikononi mwangu, akamrudisha ndani, akafunga mlango.